Shimesikio ya Bei Nafuu: Namna ya Kuichagua, Kuipima na Kuizoea Mwenyewe

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu maswali yale yale yanarudi kila mara, kutoka Ujiji, Kasulu na Kibondo hapa mkoani Kigoma, na hata kwa jirani zetu wa Tabora. Je, mzee anaweza kununuliwa shimesikio, yaani kifaa cha kumsaidia kusikia, bila kusafirishwa hadi Dar es Salaam? Vile vidude vya bei ndogo vinavyouzwa mtandaoni ni shimesikio kweli? Mbona kifaa kinapiga mluzi? Mbona bibi alikivaa siku mbili kisha akakifungia kabatini?

Jibu langu ni kwamba kifaa cha bei nafuu kinaweza kumsaidia sana mtu mzima ambaye usikivu wake umepungua kidogo au kwa wastani, iwapo kimerekebishwa kulingana na masikio yake, kimekaa vizuri ndani ya sikio, na mvaaji mwenyewe amepewa wiki kadhaa za kukizoea. Vifaa vingi ninavyoletewa kwa madai kwamba ni vibovu havina ubovu wowote. Kilichokosekana ni mojawapo ya mambo hayo matatu, na mara nyingi ni yote matatu kwa pamoja.

Nadharia nitaigusa kidogo tu, kwa kuwa bila hiyo hatua zinazofuata zitaonekana kama masharti yasiyo na sababu. Usikivu unapopungua kwa umri au kwa kelele za miaka mingi, sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea, hasa zile za herufi s, f, sh, t na k. Ndiyo maana mzee husema, "Nasikia unaongea, lakini sielewi unachosema." Kwake "saa sita" na "saa tisa" ni kitu kimoja, na "shika", "fika" na "pika" hayatofautiani. Kifaa kinachofaa hukuza sauti hizo nyembamba zaidi ya zile nene, kwa kiwango kinachotofautiana kutoka sikio hadi sikio. Kifaa kinachokuza kila sauti kwa kiwango kimoja humwongezea mzee ngurumo za injini na redio ya jirani huku maneno yakibaki yamefichika.

Marekani iliruhusu kuanzia tarehe 17 Oktoba 2022 watu wazima wenye umri wa miaka 18 na zaidi wanunue vifaa vya aina hii bila cheti cha daktari, na ikaweka ukomo wa sauti inayoweza kutoka kwenye kifaa: desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 111, au 117 kwa vifaa vyenye mfumo wa kubana sauti kubwa. Mwaka 2023 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha jaribio lililoonyesha kwamba, baada ya wiki sita, watu waliojipimia na kujirekebishia kifaa wenyewe walipata manufaa yanayokaribiana na ya wale waliorekebishiwa na mtaalamu. Kwa hiyo jambo hili linawezekana, ila si kwa kila mtu.

Nani asianze na mwongozo huu

Tafadhali soma sehemu hii hata kama una haraka.

Mtoto, au mtu yeyote aliye chini ya miaka 18, asipewe kifaa cha kujirekebishia nyumbani. Mtoto asiyesikia anapoteza pia nafasi ya kujifunza lugha, na kila mwezi unaopita una gharama yake, hivyo mpeleke hospitali mapema. Ikiwa uziwi wake ni mkubwa, ni vizuri kujua kwamba Tabora kuna shule ya viziwi iliyoanzishwa mwaka 1963.

Mtu ambaye usikivu wake umepotea ghafla, ndani ya saa chache au siku mbili tatu, anahitaji daktari leo hii. Hali hiyo ni ya dharura, kwa sababu dawa inayoweza kusaidia hufanya kazi vizuri ikianzwa mapema, na kuagiza kifaa kutoka ng'ambo kwa mtu wa namna hiyo ni kupoteza siku ambazo hazirudi.

Wengine wanaopaswa kuonwa kwanza na daktari ni wale wanaotokwa na usaha au damu sikioni, wenye maumivu ya sikio, wenye kizunguzungu, wenye sikio moja lililopungua kuliko jingine, na wanaosikia mlio wa upande mmoja au mlio unaopiga pamoja na mapigo ya moyo. Anayetumia au aliyewahi kutumia streptomaisini, kanamaisini, jentamaisini au kwinini amweleze daktari kwamba usikivu umebadilika, lakini asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Anza katika kituo cha afya kilicho karibu, kisha uombe rufaa ya hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Maweni kwa Kigoma na Kitete kwa Tabora. Kwa matatizo yanayohitaji uchunguzi wa kina zaidi, hospitali ya rufaa ya kanda kwa upande wetu ni Bugando, Mwanza.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Masikio yaliyokaguliwa na kuthibitishwa kuwa safi na yasiyo na uvimbe.
- Simu janja yenye chaji ya kutosha, na hedifoni za waya kwa ajili ya jaribio la awali.
- Chumba kimoja tulivu na muda wa saa moja usio na mgeni wala shughuli.
- Msaidizi anayeona vizuri na mwenye mikono isiyotetemeka, ambaye mzee anamwamini.
- Brashi ndogo laini, kitambaa kikavu, na kopo lenye mfuniko unaobana.
- Vipakiti vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.
- Daftari na kalamu.

Hatua ya 1: Hakikisha sikio halijazibwa na nta

Nta iliyojaa sikioni inaweza peke yake kumfanya mtu aonekane kiziwi, na ikisafishwa mtu huyo hahitaji kununua chochote. Mwombe mhudumu wa afya atazame ndani ya masikio yote mawili kwa kifaa chenye taa, na kama kuna nta aisafishe yeye.

Onyo: Usiingize njiti ya kiberiti, ufunguo, unyoya wa kuku wala pamba ya kijiti. Vitu hivyo husukuma nta ndani zaidi, na vinaweza kutoboa kiwambo cha sikio. Usitie mafuta ya taa, maji ya majani wala maziwa ya mama kwenye sikio linalotoa usaha. Nasisitiza jambo hili kwa sababu bado linafanyika katika nyumba nyingi, kwa nia njema kabisa, na madhara yake hubaki maisha yote.

Hatua ya 2: Pima kwa sauti ya mtu

Kipimo hiki hakichukui nafasi ya mashine ya hospitali, lakini kinakuonyesha kama kifaa cha kujirekebishia kina nafasi ya kusaidia.

Simama nyuma ya mzee kwa umbali wa mkono mmoja ili asiusome mdomo wako. Mwombe azibe sikio moja kwa kidole. Vuta pumzi, itoe, kisha nong'ona maneno matatu, kwa mfano "tisa, kuku, saba", na umwombe ayarudie. Badilisha maneno, kisha pima sikio la pili. Akikosea kwa kunong'onezwa, simama umbali wa mita moja na umwambie maneno mengine kwa sauti ya kawaida ya mazungumzo, halafu kwa sauti iliyoinuliwa.

Akipata maneno ya sauti ya kawaida au ya sauti iliyoinuliwa, upungufu wake huenda ni mdogo au wa wastani, na unaweza kuendelea na mwongozo huu. Akipata maneno machache tu unapopaza sauti karibu na sikio lake bora, au asipate kabisa, vifaa vinavyozungumziwa hapa havina nguvu ya kumfikia. Mtu huyo anahitaji kupimwa hospitali na kupewa shimesikio yenye nguvu kubwa, au kufikiriwa kwa upasuaji wa kupandikiza kifaa cha usikivu, huduma iliyoanza kutolewa Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2017.

Tumia lugha anayoiongea mzee kila siku. Aliyekulia katika Kiha au Kinyamwezi asipimwe kwa maneno ya Kiswahili cha ofisini, kwa sababu utashindwa kujua kama amekosa sauti au amekosa neno.

Hatua ya 3: Jaribu kwa simu kabla ya kutoa fedha

Watu wengi hawaijui hatua hii, nami ningependa kila familia ianze nayo kwa kuwa ni ya bure. Simu za Android zina programu ya Google iitwayo Sound Amplifier, ambayo hupatikana kwenye mipangilio ya ufikivu (Accessibility) au hupakuliwa kutoka Play Store. Chomeka hedifoni za waya, washa programu, kisha weka simu mezani, karibu na mdomo wa anayezungumza. Simu inakuwa maikrofoni, na hedifoni zinamfikishia mzee sauti iliyokuzwa. Anza na kiwango cha chini kabisa, pandisha taratibu, kisha gusa sehemu ya kukuza sauti nyembamba na ile ya kupunguza kelele za nyuma. Hedifoni za Bluetooth zinafaa kidogo kwa jaribio hili, kwa sababu sauti huchelewa na kumchanganya msikilizaji anayeutazama mdomo wa msemaji. Wenye iPhone wana Live Listen, inayofanya kazi inayofanana na hiyo kwa hedifoni zinazokubaliana nayo.

Zungumza naye kwa nusu saa. Akitabasamu na kuanza kujibu bila kuuliza "unasemaje?", basi una sababu ya kutafuta kifaa. Akisikia kelele nyingi bila kuelewa maneno, usinunue chochote kwanza, mpeleke akapimwe.

Hatua ya 4: Chagua aina ya kifaa

Kuna makundi manne utakayokutana nayo, na hayalingani hata kidogo.

Kundi la kwanza ni vikuza sauti vya bei ndogo kabisa visivyo na mpangilio wowote zaidi ya gurudumu la sauti. Vingi hukuza kila kitu sawasawa, na baadhi havielezi mahali popote ukomo wa sauti vinayotoa. Kifaa kisichoeleza ukomo wake usikiweke sikioni mwa mtu unayempenda, hata kama bei yake inavutia, kwa sababu sauti kubwa mno humaliza usikivu mdogo uliobaki.

Kundi la pili ni kikuza sauti cha mfukoni, yaani kisanduku kidogo chenye waya unaokwenda kwenye hedifoni. Wengi hukidharau kwa kuwa kinaonekana, nami sikubaliani nao. Kwa mzee ambaye vidole vyake vinatetemeka au macho yake yamefifia, kitufe kikubwa na betri za kawaida zinazopatikana kila duka ni msaada wa kweli. Kasoro yake ni mkwaruzo unaosikika maikrofoni inaposugua nguo, hivyo kivaliwe juu ya kanzu au kitenge wala si ndani yake.

Kundi la tatu ni shimesikio zenye mipangilio iliyotayarishwa kiwandani, ambapo unachagua wa kwanza, wa pili au wa tatu kwa kubonyeza. Kundi la nne ni zile zinazojirekebisha kwa kipimo: programu ya simu hupiga milio ya viwango mbalimbali katika kila sikio, nawe unagusa kioo kila unapousikia mlio, kisha kifaa kinajipanga kufuata majibu yako. Hili la nne ndilo ninalolipendekeza pale fedha inaporuhusu. Bei zake kule Marekani ni mamia ya dola kwa jozi, na kwetu huongezeka gharama za usafirishaji na ushuru. Hedifoni za AirPods Pro 2 nazo ziliidhinishwa na mamlaka ya Marekani mwezi Septemba 2024 zitumike kama kifaa cha usikivu kwa kutumia iPhone, lakini kipengele hicho hakikufunguliwa kwa nchi zote, hivyo hakikisha kwamba kinafanya kazi hapa kabla ya kununua.

Muulize muuzaji maswali haya na udai majibu kwa maandishi: Programu ya kifaa inapatikana na kufunguka Tanzania? Inakubali toleo la simu niliyonayo? Ukomo wa sauti ni desibeli ngapi? Vikofia (vimpira vinavyoingia sikioni) na vichujio vya akiba vya kuzuia nta vinapatikana wapi? Nikikirudisha kisipofaa, ni ndani ya siku ngapi, na nani analipa usafiri? Swali la mwisho lina uzito kwetu kuliko kwa mnunuzi wa London, kwa sababu kifurushi kinaweza kukaa njiani hadi muda wa kukirudisha ukaisha kabla hujakifungua.

Ikiwa fedha inatosha kifaa kimoja tu na sikio moja limeharibika sana, kiende kwenye lile linaloelewa maneno vizuri zaidi. Kumbuka hata hivyo kwamba masikio yanayotofautiana sana yanapaswa kuonwa na daktari kwanza.

Hatua ya 5: Tafuta kikofia kinachokaa

Kikofia ni kile kimpira laini kinachoingia ndani ya tundu la sikio. Vifaa vingi huja na saizi tatu au zaidi, na watu wengi huvaa ile iliyokuja imepachikwa bila kujaribu nyingine. Hapo ndipo panapozaliwa mluzi, kifaa kudondoka, na malalamiko kwamba hakina nguvu.

Alama nyekundu ni ya sikio la kulia na ya bluu ni ya kushoto. Kwa mkono wa upande wa pili, vuta sikio juu na nyuma kidogo ili njia yake inyooke, ingiza kikofia taratibu, kisha laza waya unaounganisha kikofia na kifaa mpaka ugusane na ngozi. Mzee atafune kitu au afungue mdomo mara kadhaa. Kikofia kikitoka, ongeza saizi. Kikimuumiza, punguza. Vikofia vyenye matundu humfaa anayesikia vizuri sauti nene, na vilivyozibwa humfaa mwenye upungufu mkubwa zaidi.

Onyo: Kila unapotoa kifaa, hakikisha kikofia kimetoka nacho. Kikibaki ndani, usikichokonoe. Nenda kituo cha afya.

Hatua ya 6: Chaji au betri

Vifaa vya kuchaji vichajiwe hadi vijae kabla ya matumizi ya kwanza. Umeme ukikatika, pawabenki au sola ndogo ya simu hutosha kuchaji vifaa vingi vya namna hii.

Vinavyotumia betri ndogo za zinki hutambulika kwa rangi ya karatasi yake: njano ni namba 10, kahawia ni 312, chungwa ni 13, na bluu ni 675. Bandua karatasi, acha betri ivute hewa kwa takriban dakika tano, ndipo uiweke. Ikishabanduliwa imeanza kutumika, na kuirudishia karatasi hakuizuii kuisha. Kwa kuwa betri hizi si rahisi kuzipata kila mji, agiza za miezi kadhaa kwa pamoja na uangalie tarehe ya mwisho.

Onyo: Betri hizi ni ndogo kama kifungo na watoto huzimeza. Mtoto akimeza, au ukishuku kwamba amemeza, mpeleke hospitali bila kusubiri dalili.

Hatua ya 7: Fanya kipimo cha usikivu kwa utulivu

Hapa ndipo kifaa kinapojua sikio la mvaaji, kwa hiyo usifanye haraka. Chagua wakati ambao nyumba imetulia, kwa mfano baada ya isha watoto wakiwa wamelala. Zima feni, redio na friji kama iko karibu. Usipime mvua inaponyesha, kwa sababu mshindo wake juu ya bati huifunika milio yote myembamba, na kifaa kitajipanga kwa sikio ambalo si la mzee.

Unganisha kifaa na simu kwa kufuata maelekezo ya programu, ruhusu masasisho yamalizike, kisha anza kipimo. Mweleze mzee kwa maneno mepesi: "Baba, utasikia mlio mdogo sana. Hata ukiwa mbali na mdogo kama wa mbu, inua kidole." Wewe ndiye utakayegusa kioo. Usimwangalie kwa macho ya kumhimiza, wala usimwambie kwamba mlio umepita, kwa sababu wazee wengi wana adabu ya kukubali ili wasikuangushe. Akichoka, simamisha na mrudie kesho. Majibu yakitofautiana sana na yale ya Hatua ya 2, rudia kipimo kabla ya kuyahifadhi.

Hatua ya 8: Hakiki kwa sauti sita

Kifaa kikiwa sikioni, simama mita moja nyuma yake na utamke moja baada ya nyingine, kwa sauti ya kawaida na kwa kuzichanganya: a, u, i, m, sh, s. Wataalamu wa usikivu duniani kote hutumia sauti hizi sita, kwa sababu zinaanzia kwenye sauti nene za maneno na kuishia kwenye nyembamba kabisa. Mzee arudie anachosikia. Akikosa s na sh, pandisha kidogo sauti nyembamba kwenye programu. Akikosa m na u, huenda kikofia hakijabana. Andika matokeo kwenye daftari, kwani yatakusaidia wiki zijazo kujua kama tatizo ni la kifaa au la sikio.

Hatua ya 9: Wiki za mwanzo

Familia nyingi hushindwa hapa. Ubongo uliozoea ukimya kwa miaka unarudishiwa kwa siku moja sauti za ufagio, sahani, mifuko ya plastiki na jogoo wa jirani, na mvaaji husikia hata sauti yake mwenyewe kama inatoka ndani ya mtungi. Mwambie mapema kwamba hali hiyo ni ya kawaida na itapungua.

Siku za kwanza avae saa moja au mbili ndani ya nyumba, akizungumza na mtu mmoja. Ongeza muda kidogo kidogo, kisha mtoke barazani. Wiki ya pili au ya tatu anaweza kwenda msikitini au kanisani, akae mbele lakini mbali na spika. Sehemu zenye kelele kama soko la Mwanga na mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma ziwe za mwisho, kwa sababu hata vifaa ghali hupata taabu penye injini na watu wengi wanaozungumza kwa wakati mmoja. Afikie kuvaa kutwa baada ya wiki nne hadi sita, na avue anapolala na anapooga.

Badilisha mpangilio mmoja tu kwa wakati, kisha subiri siku mbili. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kipi kilichosaidia.

Wanafamilia nao wana kazi. Mwite kwa jina kwanza, mkabili uso kwa uso penye mwanga, zungumza kwa mwendo wa wastani na usipige kelele. Kumpigia kelele mtu mwenye kifaa humwumiza na kuyaharibu maneno yenyewe.

Onyo: Shimesikio haikingi masikio. Anayefanya kazi kwenye mashine ya kusaga au boti ya injini avue kifaa na avae vizibo vya kuzuia kelele.

Hatua ya 10: Usafi na unyevu

Kila jioni futa kifaa kwa kitambaa kikavu, piga brashi tundu la sauti likitazama chini ili nta idondoke, kisha kiweke ndani ya kopo pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu. Miezi ya mvua, na kwa wanaoishi karibu na ziwa wakati wowote, jambo hili si la kuruka hata usiku mmoja. Vifaa vya betri vilale mlango wa betri ukiwa wazi. Usitumie mchele mahali pa vipakiti, maana vumbi lake huingia kwenye maikrofoni. Usitumie maji wala spiriti. Badilisha kichujio cha nta sauti inapoanza kufifia.

Kukitokea tatizo

Kinapiga mluzi. Kiingize upya, kisha jaribu kikofia kikubwa zaidi. Kama bado, sikio lenyewe linaweza kuwa limejaa nta, nayo inairudisha sauti kwenye maikrofoni. Punguza sauti mwisho kabisa, baada ya kuhakikisha hayo mawili. Mluzi anapokumbatiwa au anapovaa kofia na mtandio si ubovu.

Hakitoi sauti. Angalia chaji au betri, kisha kichujio, kisha kama kimezimwa sauti kwenye simu. Kifumbe kiganjani kikiwa kimewashwa: vingi hupiga mluzi, na hiyo ni dalili kwamba kifaa ni kizima na kilichoziba ni sikio au kikofia.

Upande mmoja umefifia. Badilisha vichujio kati ya kulia na kushoto. Ufifiaji ukihama pamoja na kichujio, umeshajua cha kununua. Usipohama, na kifaa kimesafishwa, rudia sauti sita bila kifaa. Sikio lililoshuka kwa ghafla liende kwa daktari siku hiyo hiyo.

Programu haikioni kifaa. Zima na uwashe Bluetooth, weka vifaa ndani ya kasha lake kwa dakika moja, kisha jaribu tena. Angalia pia kama simu nyingine ya nyumbani imeshajiunga nacho, jambo linalotokea sana kijana aliyekirekebisha anapokuwa chumba cha pili.

Kinaunguruma au kukatika baada ya mvua. Kivue, toa betri, kiweke ndani ya kopo kavu usiku kucha. Usikianike juani wala karibu na jiko.

Sikio linawasha, linauma au limeanza kutoa maji. Acha kukivaa na uende kituo cha afya. Usirudi kukivaa mpaka sikio lipone.

Anasikia sauti lakini bado haelewi maneno baada ya wiki sita. Rudia Hatua ya 7 mara moja, penye utulivu wa kweli. Matokeo yakiwa yale yale, chukua daftari, kifaa na mzee mwenyewe hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, umwonyeshe mtaalamu kile kilichojaribiwa na sauti zipi kati ya zile sita anazozikosa, ili aanzie hapo mlipofikia.